Susanna Wesley na Deni la Nyumba ya Epworth

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 4:1-7, Zaburi 37:21, Methali 22:7, Luka 14:28-30, Luka 16:10, Warumi 13:8, 1 Timotheo 5:8.

Fungu la kukariri: Warumi 13:8.

Wakristo wengi wanalijua jina la Susanna Wesley kwa sababu ya wanawe wawili, John na Charles, walioongoza uamsho mkubwa wa Uingereza katika karne ya 18. Uamsho huo ndio uliozaa Kanisa la Methodisti, ambamo Ellen White alilelewa akiwa mtoto. Mara nyingi husimuliwa jinsi Susanna alivyoomba na jinsi alivyowafundisha watoto wake. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba mama huyu aliishi ndani ya deni karibu muda wote wa ndoa yake. Alijua maana ya kuhesabu senti za mwisho. Alimwona mumewe akipelekwa gerezani kwa ajili ya deni, na siku ya kumzika mumewe mifugo yake ilikamatwa na mdai.

Katika maisha yake yote ya ndoa hakuamka siku moja akakuta deni limeisha. Kwa hiyo kisa chake kinawafaa watu wengi ambao wameomba, wamebana matumizi, wamelipa kidogo kidogo, na bado wanadaiwa. Je, mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa Mungu katikati ya hali kama hiyo? Na je, ni mambo gani katika nyumba ya Epworth yalilifanya deni lidumu, na ni yapi yaliyoizuia familia isivunjike?

JUMAPILI
Jinsi deni lilivyoanza

Susanna alizaliwa London mwaka 1669, mtoto wa mwisho katika watoto 25 wa Dkt. Samuel Annesley, mhubiri aliyeheshimika. Mwaka 1688 aliolewa na Samuel Wesley, kijana msomi aliyekuwa anajiandaa kwa ukasisi. Samuel alikuwa mtu wa bidii. Alikwenda Oxford akiwa na fedha kidogo sana mfukoni na akajisomesha kwa kazi za mikono yake. Katika miaka ya kwanza ya ndoa waliishi na mtoto wao mmoja kwa kipato kidogo cha kasisi msaidizi, bila kuingia katika deni.

Mambo yalibadilika familia ilipoongezeka. Katika parokia ndogo ya South Ormsby, mshahara ulikuwa kama pauni 50 kwa mwaka, na watoto walikuja karibu kila mwaka. Kwa jumla Susanna alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wakiwa wachanga. Kila uzazi, kila ugonjwa na kila maziko vilikuwa na gharama yake.

Kisha, karibu na mwaka 1697, Samuel akapewa parokia ya Epworth, katika nchi ya vinamasi ya Lincolnshire. Kipato cha Epworth kilisemekana kuwa pauni 200 kwa mwaka. Kwa kusikia tu, shida ilikuwa imekwisha. Lakini fedha hizo hazikuja kama mshahara wa mwezi. Zilitoka katika zaka za mazao na katika shamba la kanisa, na ili kuzipata ilimpasa kasisi awe pia mkulima. Samuel alifika Epworth akiwa tayari anadaiwa, akakopa tena ili kulipa ada za kuingia, kununua vyombo vya nyumba, mifugo na zana za kilimo. Ghala likaanguka, na kulijenga upya kukagharimu pauni 40. Juu ya hayo alikuwa akimtunza mama yake mjane kwa pauni 10 kila mwaka. Riba nayo haikulala. Kufikia mwaka 1700 alimwandikia Askofu Mkuu John Sharp wa York kwamba deni lake lilikuwa limefika kama pauni 300, yaani zaidi ya kipato cha mwaka mzima.

Katika barua hiyo Samuel alikiri kwamba sababu mojawapo ya kuzama kwake ni kutoelewa mambo ya biashara. Kukiri huko ni kwa thamani. Baadhi ya deni lake lilitokana na msiba, na baadhi na wajibu mwema kama kumtunza mzazi. Lakini sehemu nyingine ilitokana na kuanza kazi kubwa bila kuijua hesabu yake.

Soma Luka 14:28-30. Yesu anamtaja mtu anayeketi kwanza na kuhesabu. Kipato kinapoongezeka, ni gharama zipi huongezeka pamoja nacho bila watu kuziona mapema?

JUMATATU
Shilingi sita za makaa

Katika siku zile pauni moja ilikuwa na shilingi 20. Mwezi Mei mwaka 1701 Susanna alikuwa karibu kujifungua. Nyumba haikuwa na makaa ya mawe, na huwezi kumpokea mtoto katika nyumba isiyo na moto. Mume na mke wakaweka pamoja kila walichokuwa nacho, wakapata shilingi sita tu. Wakazituma zote zikanunue makaa.

Asubuhi ya siku iliyofuata zikafika pauni 10, msaada kutoka kwa mwanamke mmoja wa ukoo wa kiungwana aliyekuwa amesikia habari zao kupitia kwa Askofu Mkuu. Usiku uleule Susanna akajifungua mapacha, mvulana na msichana. Samuel aliandika barua ya shukrani kwa ucheshi, akieleza kwamba kwa sasa watoto walikuwa wawili tu.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu msaada ulikuja kwa wakati, na ni haki kumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tuangalie pia kilichotangulia. Mume na mke waliweka fedha zao mezani pamoja. Hapakuwa na mfuko wa siri. Walitazama kilichopo, wakachagua kinachohitajika kuliko vyote, wakakilipia. Familia nyingi huingia katika deni kubwa kwa sababu mume hajui mke amekopa wapi, na mke hajui mume anadaiwa nini, mpaka mdai atakapobisha hodi.

Soma 2 Wafalme 4:1-7. Mjane wa fungu hili aliulizwa ana nini nyumbani. Kisha baada ya muujiza aliambiwa afanye jambo gani kwanza kwa yale mafuta? Kwa nini kulipa deni kulitajwa kabla ya kuishi kwa kilichosalia?

JUMANNE
Ngome ya Lincoln

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mwaka 1702 sehemu kubwa ya nyumba yao iliungua. Mwaka 1704 kitani chote cha Samuel, zao ambalo lingemsaidia kulipa, kiliteketea. Mwaka 1705 kukawa na uchaguzi wa wabunge, na Samuel akaunga mkono wazi upande uliochukiwa na wengi Epworth. Watu wenye hasira wakapiga kelele na kufyatua bunduki nje ya nyumba usiku kucha. Mlezi wa mtoto mchanga wa Susanna, akiwa amechoka kwa kukosa usingizi, alilala fofofo akamlalia mtoto, na mtoto akafa.

Muda mfupi baadaye, mtu mmoja wa upande ule wa pili aliyemdai Samuel fedha zisizofika pauni 30 alitaka alipwe papo hapo. Samuel hakuwa nazo. Sheria ya wakati ule ilimruhusu mdai kumfunga mdaiwa mpaka deni lilipwe, ingawa mtu aliyefungwa hawezi kufanya kazi ya kupata fedha za kulipia. Kasisi alikamatwa karibu na kanisa lake mwenyewe, baada ya ibada ya ubatizo, akapelekwa katika gereza la ngome ya Lincoln. Hapo ndipo neno la Methali 22:7 linapoonekana kwa macho. Aliyekopa alikuwa amekuwa mtumwa wa aliyemkopesha, na siku ya kudaiwa ilichaguliwa na adui yake.

Susanna alibaki nyumbani na watoto, naye alikuwa na fedha kidogo sana. Watu wakawachoma visu ng'ombe wao usiku, maziwa yakakatika, na maziwa ndiyo yaliyokuwa chakula kikubwa cha watoto. Akavua pete zake, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho, akampelekea mumewe ili aziuze apate kujikimu. Samuel akazirudisha. Gerezani alisoma sala asubuhi na alasiri, akawahubiria wafungwa, akawa kwao mchungaji.

Askofu Mkuu Sharp alipokutana na Susanna, alimwuliza kama kweli aliwahi kukosa mkate. Susanna hakujifanya shujaa, wala hakuongeza chumvi. Alimweleza kwamba, kwa kusema kweli, mkate haukuwahi kukosekana kabisa. Lakini alikuwa na mahangaiko mengi ya kuupata kabla haujaliwa, na mahangaiko mengine ya kuulipia baada ya kuliwa, hata utamu wake ukapotea. Kwake yeye, kuwa na mkate kwa njia hiyo kulikuwa hatua moja tu kutoka kutokuwa na mkate kabisa. Askofu alielewa, akampa msaada.

Marafiki na makasisi wengine wakachanga. Kufikia Septemba mwaka ule karibu nusu ya madeni ya Samuel yalikuwa yamelipwa, naye akaandika kwamba alijisikia mwepesi katika kutembea na alitumaini kulala vizuri zaidi. Baada ya kama miezi mitatu gerezani akarudi nyumbani. Marafiki walimshauri aihame Epworth. Alikataa kuliacha kundi lake.

Susanna aliueleza mkate wa deni kuwa mkate wenye mahangaiko pande zote mbili. Ni katika mambo gani familia za leo hula leo kile kitakacholipiwa kesho kwa machozi? Washiriki wa kanisa wanaweza kufanya nini kwa familia inayodaiwa bila kuiaibisha?

JUMATANO
Nyumba yenye utaratibu

Susanna hakuwa na uwezo juu ya bei ya kitani, wala juu ya siasa za Lincolnshire, wala juu ya mikopo ya mumewe. Lakini ndani ya nyumba alikuwa na uwezo, na huko aliutumia kila siku.

Watoto walikula kwa wakati uliopangwa, na hawakuruhusiwa kula ovyo kati ya mlo na mlo. Walikula kilichowekwa mezani. Yeye mwenyewe aliwafundisha, saa tatu asubuhi na saa tatu alasiri, wavulana kwa wasichana, na karibu kila mtoto alianza kusoma alipofikisha miaka mitano. Familia isiyoweza kulipa mwalimu ikapata shule nzuri kuliko nyingi zilizolipiwa. Tena, kila mtoto alikuwa na jioni yake ya juma ya kuzungumza na mama peke yake. Jioni ya John ilikuwa Alhamisi, na miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima, aliikumbuka na kuitamani.

Miongoni mwa kanuni za nyumba ile ziko mbili zinazohusu somo letu. Ya kwanza, ahadi ilipaswa kutimizwa. Mtu akishatoa kitu, hakiwezi kurudishwa kwake tena. Ya pili, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuchukua mali ya mwenzake bila ruhusa, hata kama ni pini au kitu chenye thamani ya sarafu ndogo kuliko zote. Katika nyumba inayodaiwa na watu wengi, mama aliwafundisha watoto wake kwamba cha mwenzako ni cha mwenzako, na neno lako ni deni. Soma Luka 16:10 ukiwaza juu ya pini ile.

Hata hivyo, si vema kuipaka nyumba hii rangi nzuri kuliko ilivyokuwa. Emilia, binti mkubwa, aliandika baadaye kwa uchungu juu ya uhitaji waliokulia ndani yake: kukosa nguo, kukosa vitu vya lazima, huku baba akitumia fedha nyingi kwenda London kuhudhuria mikutano ya kanisa. Mabinti ndio walioumia zaidi. Wavulana walipelekwa shuleni na Oxford kwa kujibana sana, wakati dada zao walivaa nguo zilizochakaa na baadhi yao wakaenda kufanya kazi ya ualimu katika nyumba za watu. Utaratibu wa mama ulipunguza maumivu ya deni. Haukuyaondoa.

Soma 1 Timotheo 5:8. Je, inawezekana kazi ya kanisa, au heshima yake, ikala fedha zinazotakiwa kuwatunza watoto? Familia itajuaje kwamba mpaka huo umevukwa?

ALHAMISI
Moto, na miaka kumi na mitatu

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba ya Epworth iliungua yote. Susanna, akiwa mja mzito, alipita katikati ya moto. John, mwenye miaka mitano, alitolewa dirishani dakika za mwisho kabla paa halijaanguka. Wote waliokoka, lakini vitabu, maandiko, nguo na vyombo viliisha. Watoto waligawanywa katika nyumba za ndugu na majirani.

Samuel alijenga upya kwa matofali, na katika muda wa chini ya mwaka mmoja nyumba ilisimama. Iligharimu kama pauni 400, kipato cha miaka miwili mizima. Ni nyumba nzuri, na ingali imesimama hadi leo. Lakini mwaka 1722, karibu miaka 13 baada ya moto, Susanna alimwandikia ndugu yake aliyekuwa mfanyabiashara India kwamba nyumba hiyo ilikuwa bado haijapata hata nusu ya vyombo vyake, na kwamba mke na watoto walikuwa hawajavikwa hata nusu ya inavyopasa.

Ndugu huyo alikuwa amemkabidhi Samuel mambo yake ya biashara huku Uingereza, na hakuridhika na jinsi yalivyoendeshwa. Susanna alimtetea mumewe kuhusu uaminifu wake. Lakini alikubali kwamba mumewe hakufaa kwa shughuli za biashara, na kwamba yeye mwenyewe alikosea kumdhania anafaa. Hapa kuna heshima na ukweli vikikaa pamoja. Hakumdharau mumewe mbele ya watu, wala hakusema uongo ili kumfunika. Katika familia yenye deni mara nyingi kimoja kati ya hivyo viwili hupotea.

Hata katika miaka hiyo alijitahidi kwa ajili ya watoto. Mwaka 1724, John alipokuwa Oxford na kudaiwa, mama alimwandikia asivunjike moyo, ashike masomo yake, na atumaini kwamba huenda kabla ya mwaka kwisha wangemwokotea makombo machache. Mwana mkubwa, Samuel, aliyekuwa mwalimu London, naye alituma fedha nyumbani. Haba na haba, hivyo ndivyo walivyoishi.

Samuel Wesley alikufa Aprili 1735, akiwa bado anadaiwa zaidi kidogo ya pauni 100. Deni la pauni 300 lilikuwa limepungua, lakini halikuisha. Siku ya maziko, mwanamke aliyewakodisha shamba alikamata mifugo yote ya mjane, yenye thamani ya zaidi ya pauni 40, kwa ajili ya kodi ya pauni 15. John alitoa hati yake ya ahadi ya kulipa, ili mifugo ifunguliwe, iuzwe na deni lilipwe. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Wana wa Epworth waliinywa dawa hiyo kaburi la baba yao likiwa bado bichi.

Soma Zaburi 37:21. Fungu hili linatofautishaje mtu anayekopa asilipe na mtu anayeshindwa kwa muda lakini anaendelea kulipa? Ni mambo gani mume na mke wanapaswa kuyaweka wazi sasa, ili anayebaki asikutane nayo siku ya maziko?

IJUMAA
Jifunze zaidi

Baada ya hapo Susanna hakuwa tena na nyumba yake. Aliishi kwa zamu na watoto wake, na mwisho na John huko London, katika jengo la zamani la kusubu mizinga ambalo Wamethodisti waliligeuza kuwa nyumba ya ibada. Alikufa humo Julai 1742, watoto wake wakiwa kando ya kitanda. Hakuacha mali.

Lakini angalia watoto walijifunza nini. Katika mahubiri ya uzeeni, John alisimulia juu ya kijana mmoja wa Oxford, ambaye wengi huamini alikuwa yeye mwenyewe. Alipopata pauni 30 kwa mwaka aliishi kwa 28 na kutoa 2. Alipopata 60 aliishi kwa zilezile 28 na kutoa 32. Alipopata 90, bado 28. Mwana wa mtu ambaye kipato chake kilipopanda na deni likapanda, aliamua kwamba kipato kinaweza kupanda bila matumizi kupanda.

Tena, mwaka 1746 John alianzisha mfuko wa kuwakopesha maskini wa London. Alichangisha pauni 30 na shilingi 16. Kanuni ilikuwa rahisi: mtu hukopeshwa shilingi 20 tu kwa mara moja, na hulipa kila juma mpaka amalize ndani ya miezi mitatu. Katika miezi 18 watu 255 walisaidiwa kwa fedha hizo chache, kwa sababu kila aliyelipa alimfungulia mwingine mlango. Wanaoshiriki vikundi vya kuweka na kukopa leo wataitambua njia hiyo mara moja. Mtu ambaye baba yake alifungwa kwa deni lisilofika pauni 30 alitumia kiasi kama kilekile kuwazuia wengine wasifike huko.

Maswali ya kujadili

1. Taja sababu za deni la Samuel na Susanna. Ni zipi zilikuwa nje ya uwezo wao, na ni zipi zingeweza kuepukwa? Kwa nini ni muhimu familia itenganishe mambo hayo mawili kabla ya kupanga namna ya kulipa?

2. Susanna hakuona deni likiisha mumewe akiwa hai. Je, kulipa nusu ni kushindwa? Mngemwambia nini mshiriki ambaye ameomba kwa miaka mingi na bado anadaiwa?

3. Wote wawili waliweka shilingi zao sita pamoja. Juma hili, mume na mke, au mzazi na watoto wakubwa, wanawezaje kuandika pamoja kila wanachodaiwa, kila kinachoingia, na deni la kuanza kulipa?

4. Mdai wa Samuel alichagua siku ya kumfunga. Mkristo anayedai fedha kwa ndugu yake anapaswa kufanya nini ili haki yake isigeuke kuwa silaha?

5. Kwa mfano wa mfuko wa mwaka 1746, jadilini kwa nini mkopo mdogo wenye muda mfupi na malipo ya kila juma uliwasaidia watu 255. Ni kanuni zipi zinaweza kulinda kikundi kama hicho kanisani kwenu kisivunje undugu?